Makaa ya mawe, bili ya stima na ardhi ya Mui: hoja tunazorushiana kila kampeni

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza. Kanuni ni ile ile: sitaji jina la mwanasiasa, sitaji chama. Ukinichokoza kwenye majibu nitakupita tu.

Nimeandika kwa sababu ya mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye matatu tukingoja ijae, hapa stendi ya Machakos. Redio ilikuwa inazungumza habari za nchi kuachana na stima ya makaa. Akaniuliza: "Sasa kijana, wakimaliza makaa, sisi wa Yatta tutapikia nini, na tutauza nini?" Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lile swali ni la haki kabisa, na kosa si lake.

Kiswahili chetu kina neno moja, makaa, kwa vitu viwili. Kuna makaa ya miti, yale ya gunia na debe unayonunua sokoni, yanayochomwa huku Yatta, Masinga na kote Ukambani. Halafu kuna makaa ya mawe, jiwe jeusi linalochimbwa ardhini, mabaki ya mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka. Mijadala ya kimataifa ya "kuacha makaa" inahusu hilo jiwe. Jiko lako halimo.

Lakini mzee ana sababu ya kuogopa. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na jirani zetu wa Kitui wakapiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaunti yao. Lori zilizuiliwa, watu wakapoteza riziki. Kwa mtu aliyepitia hiyo, kusikia redio inasema "mwisho wa makaa" ni kusikia askari barabarani. Wanasiasa wa pande zote wanajua watu wanachanganya haya mawili, na wengine hawana haraka ya kuyatenganisha.

Haya. Tutenganishe sisi.

Jambo la kwanza, ambalo nimebishana nalo mpaka na marafiki: Kenya haijawahi kuuza kwenye gridi ya taifa hata yuniti moja ya stima iliyotoka kwa makaa ya mawe. Hakuna mtambo. Haukuwahi kuwepo. Kwa hivyo ukimsikia mtu jukwaani akijisifu kwamba "tumeacha makaa ya mawe", ni kama mtu ambaye hajawahi kuonja pombe kutangaza kanisani kwamba ameokoka kutoka kwa chupa. Na ukimsikia mwingine akilia kwamba "tumelazimishwa kufunga mitambo yetu", muulize mtambo upi, uko wapi.

Stima yetu inatoka wapi basi? Sehemu kubwa zaidi ni jotoardhi, ule mvuke wa Olkaria kule Naivasha, unaotoa karibu nusu. Kisha maji, upepo, jua kidogo, na stima tunayonunua nje, hasa Ethiopia, ambao Novemba 2022 walianza kutuuzia kufikia megawati 200 kupitia ile laini kubwa inayoshukia Suswa. Kinachobaki ni mitambo ya mafuta. Kwa jumla, karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini haichomi mafuta wala mawe.

Sisi wa Machakos tuko ndani ya hii hadithi kuliko tunavyodhani. Bwawa la Masinga, lililozinduliwa mwaka 1981, ndilo tangi la akiba la mto Tana. Mtambo wake wenyewe ni mdogo, megawati 40 tu. Kazi yake hasa ni kuweka maji ya msimu wa mvua ili yashuke polepole kupitia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ikikauka, wote walio chini wanayumba. Na ikiyumba maji, tunageukia mafuta, na hapo ndipo bili inapopanda. Nitarudi hapo.

Na makaa ya mawe yenyewe? Yapo Machakos. Yanachomwa. Si kwa stima, kwa saruji. Ili kupata klinka, ile malighafi ya saruji, unapasha chokaa na udongo joto la kama nyuzi 1,450, na tanuru za saruji nchini hutumia makaa ya mawe yanayoshushwa Mombasa, mengi kutoka Afrika Kusini. Athi River ni moja ya makao makuu ya hiyo kazi. Sijawahi kusikia mkutano wa kisiasa hata mmoja ukiuliza habari za vumbi na moshi wa pale kwa dakika tano, ilhali hoja ya mtambo ambao haupo imekula miaka kumi ya matangazo. Hilo ni dukuduku langu, tuendelee.

HOJA YA "WAZUNGU WALICHOMA, SASA WANATUZUIA"

Hii ndiyo inapigiwa makofi zaidi. Na ina ukweli ndani yake, msikubali mtu aiite ya kijinga.

Uingereza ilianza kuuza stima ya makaa ya mawe mwaka 1882, kwenye kituo cha Holborn Viaduct, London. Ilifunga mtambo wake wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Miaka 142. Viwanda, reli, manowari, na yale makoloni yaliyotutawala, yote yalisukumwa na hilo jiwe. Kenya yote kwa jumla inachangia sehemu ndogo sana ya hewa chafu ya dunia. Kwa hivyo mtu akisema deni si letu, yuko sahihi.

Ila kutoka hapo kwenda "kwa hivyo nasi tujenge" kuna shimo ambalo watu huruka bila kuangalia. Kuwa na haki ya kufanya jambo hakukuambii kama litakulipa. Mimi nina haki ya kununua lori la mwaka 1975. Swali la mnunuzi ni spea, mafuta na mzigo.

Na tena, Waingereza hawakuacha kwa sababu ya roho nzuri tu. Mwaka 2012 makaa ya mawe bado yalitoa karibu asilimia 40 ya stima yao. Kilichoyaua ndani ya miaka kumi na miwili ni ushuru wa hewa chafu, gesi, upepo wa baharini, na mitambo iliyozeeka ambayo haikuwa na maana tena kuikarabati. Hesabu ilibadilika, siasa ikafuata.

Mfano unaofaa zaidi kwetu ni Afrika Kusini, kwa sababu wao wako ndani kweli kweli. Kama asilimia 80 ya stima yao ni makaa ya mawe. Mwaka 2021 kule Glasgow waliahidiwa na nchi tajiri dola bilioni 8.5 kuwasaidia kuhama, sehemu kubwa ikiwa mikopo wala si zawadi. Oktoba 2022 wakafunga mtambo wa Komati, Mpumalanga, uliokuwa umefanya kazi tangu miaka ya 60. Mji ulioishi kwa mtambo ukabaki unauliza kazi ziko wapi. Mpango wa kuwafundisha watu kazi mpya ulikwenda polepole kuliko ufungaji wenyewe, na huku nchi nzima ikiwa kwenye mgao wa stima. Wanaopinga kuachana na makaa wanautaja Komati kila siku, na sioni vibaya wautaje.

Lakini ona tofauti. Komati ni hadithi ya watu waliokuwa na mtambo na ajira, wakanyang'anywa. Sisi hatuna wa kunyang'anywa. Tukijenga leo ndipo tunaitengeneza Komati yetu, ya kufungwa wajukuu wetu wakiwa ndio wanalipa mkopo.

HOJA YA "NI STIMA RAHISI"

Hapa naomba umakini, kwa sababu ndipo pesa ilipo.

Mtambo ambao tulikaribia kuujenga ni ule wa Lamu, mahali panaitwa Kwasasi. Megawati 1,050, gharama kama dola bilioni 2. Bei iliyotangazwa ilikuwa chini ya senti 8 za dola kwa yuniti. Watu wakalinganisha na bili zao wakasema, si hii ndiyo tunataka?

Ile bei ilikuwa na sharti: mtambo ufanye kazi karibu muda wote. Sasa kumbuka wakati huo, mwaka 2019, nchi nzima ikiwasha kila kitu saa mbili usiku tulikuwa hatujafika megawati 2,000. Mtambo mmoja ungebeba zaidi ya nusu ya mahitaji ya juu kabisa ya nchi. Usiku wa manane, watu wamelala na viwanda vingi vimezima, ungemuuzia nani? Ungezima Olkaria ambayo mvuke wake ni wetu na hauagizwi kwa dola?

Mikataba ya aina hii ina malipo ya aina mbili. Kuna ya stima uliyotumia. Na kuna ya mtambo kuwa tayari, utumie usitumie. Chukulia umekodi matatu ya kwenda harusi Mwala. Dereva analipwa siku nzima. Ukijaza watu 14, kila mmoja anatoa kidogo. Wakija watatu, hao watatu ndio watabeba gari zima, na dereva hana kosa, mlikubaliana.

Kwa Lamu, malipo hayo ya utayari yalikadiriwa hadharani kuwa kama dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni karibu bilioni 47 kwa mwaka. Gawanya kwa siku: kama milioni 128 kila kunapokucha, jua liwake au mvua inyeshe.

Fanya hesabu nami. Megawati 1,050 zikikimbia saa zote za mwaka ni yuniti kama bilioni 9.2. Gawanya ile milioni 360 humo unapata senti 4 hivi za dola kwa kila yuniti. Sasa mtambo ukitumika robo tu ya muda, ile pesa haishuki, yuniti ndizo zinashuka. Inakuwa karibu senti 16. Na hapo hujanunua makaa yenyewe bado, ambayo mwanzoni yangetoka nje ya nchi, kwa dola.

Kwa hivyo mtu akikuambia "makaa ya mawe ni rahisi" usimbishie. Muulize tu: ukitumika kwa kiasi gani, na mkataba unasema nani analipa usipotumika. Maswali hayo hayo yaulize kwa nyuklia, kwa upepo, kwa bwawa. Hata kwa vitu safi tumeungua: ule mradi wa upepo wa Turkana, megawati 310, ulikuwa tayari kabla laini ya kuleta stima Suswa haijakamilika, na nchi ikajikuta inalipa fidia ya mabilioni kwa upepo uliokuwa unapita bure. Usafi wa chanzo haukukinga dhidi ya mkataba.

"LAKINI BILI YANGU IKO JUU SASA HIVI"

Ndiyo. Hata yangu.

Fungua ule ujumbe wa tokeni kwenye simu. Kuna sehemu imeandikwa TknAmt na nyingine OtherCharges. Watu wengi wa nyumbani wakinunua wanaona theluthi moja au zaidi ya pesa yao imeenda kwa hiyo ya pili. Humo ndani kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya dola, marekebisho ya mfumuko wa bei, tozo ya maji, tozo ya EPRA, ile ya kusambaza stima vijijini, na ushuru wa VAT asilimia 16.

Gharama ya mafuta ndiyo inayocheza zaidi na hali ya hewa. Mabwawa yakishuka, mitambo ya mafuta mazito inawashwa. Mingine iko hapa hapa Athi River. Ukipita barabara ya Mombasa umeipita mara mia bila kujua. Ikiwashwa, mafuta yake yanagawanywa kwa kila mtu mwenye mita, awe Kisumu au Kithimani. Na kwa sababu mafuta yananunuliwa kwa dola, shilingi ikiumwa bili inaumwa nayo.

Sasa fikiria kwa utulivu: mtambo wa makaa ya mawe ya kuagiza ungeingia kwenye mstari upi wa bili? Ule ule. Mafuta na dola. Watu wanaolalamika kuhusu OtherCharges halafu wanapigia makofi makaa ya kuagiza hawajaona kwamba wanaomba dawa ile ile iliyowaharisha.

Hapa nitakubali jambo moja upande wa pili, ili nisionekane nimelipwa na mtu. Hali ya leo si ya 2019. Mahitaji yamepanda, mwaka 2025 kilele cha jioni kilipita megawati 2,300. Ukiangalia mitambo yote iliyosajiliwa ni zaidi ya megawati 3,000, kwa hivyo kwenye karatasi tuko sawa. Lakini jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, upepo haufuati ratiba, bwawa likiwa chini halitoi yote. Saa moja hadi saa nne usiku ndiyo saa ngumu, na kuna maeneo yamekuwa yakipunguziwa stima jioni. Fundi wa kuchomelea pale mjini anayeshika kazi baada ya saa kumi na moja hahitaji hotuba ya tabianchi, anahitaji laini isikatike.

Kwa hivyo anayesema "tunahitaji stima zaidi" yuko sawa. Ni kipande kinachofuata ndicho cha kujadili. Upungufu wetu ni wa masaa machache ya jioni. Usiku wa manane tuna ziada, mpaka mvuke mwingine wa Olkaria unaachwa utoke hewani bila kuzungusha kitu. Mtambo wa makaa ya mawe umetengenezwa kukimbia mchana na usiku. Kuuwasha na kuuzima kila jioni ni gharama na ni kuuharibu. Unaponunua kitu cha saa 24 kutibu tatizo la saa tatu, zile saa 21 nyingine lazima mtu azilipie. Betri, mabwawa yaliyojengwa kuhifadhi maji ya jioni, laini bora, stima ya majirani, hata bei nafuu usiku ili viwanda vya Mavoko vihamishe kazi, hayo ndiyo yanayoshindana kwenye hiyo nafasi. Kila moja lina bei yake. Ila angalau yanalenga saa inayouma.

HOJA YA "MAHAKAMA INAZUIA MAENDELEO"

Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Rufaa za Mazingira, ile inayoitwa tribunali, ilifuta leseni ya mazingira ya mtambo wa Lamu. Waliokwenda kushtaki ni wakazi, kupitia Save Lamu. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikatupa rufaa ya kampuni.

Wengi wanadhani tribunali ilisema makaa ya mawe ni haramu. Haikusema hivyo. Kiini cha kesi kilikuwa utaratibu. Mikutano ya mapema ilifanyika, lakini ripoti yenyewe ya athari za mazingira ilipokamilika, watu hawakupewa nafasi inayofaa kuijadili. Yaani uliitwa barazani ukaambiwa "mradi mzuri unakuja", ukapewa soda, ukaandika jina. Ile karatasi inayosema moshi utaenda wapi, majivu yatazikwa wapi, maji ya moto yatamwagwa wapi baharini, hiyo ilikuja baadaye, na hukuulizwa. Tribunali pia iliona kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kwa wavuvi wa Lamu, na kwa mji ambao tangu 2001 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, majivu na maji ya moto hayakuwa maelezo madogo.

Na mahakama haikuua mradi peke yake. Novemba hiyo hiyo ya 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haina mpango wa kuufadhili. Mwaka uliofuata benki ya China iliyotarajiwa kutoa mkopo mkubwa ikajiondoa. Septemba 2021 China yenyewe ikatangaza haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya nchi yake, ingawa kwao nyumbani inaendelea kuchoma kuliko mtu yeyote duniani. Unafiki? Labda. Lakini ukiwa mkopaji, unafiki wa mkopeshaji haukuletei hundi.

HOJA YA "TUNA MAKAA YETU HAPA KITUI"

Nimeiacha mwisho kwa sababu hii ni ya nyumbani, na wengi wenu mna shangazi au mjomba huko.

Bonde la Mui liko upande wa Mwingi, Kitui. Limegawanywa vitalu vinne, A hadi D. Kwenye kitalu C pekee serikali ilitangaza kiasi cha tani milioni 400. Kampuni ya China, Fenxi, ikapewa vitalu, mkataba ukasainiwa mwishoni mwa 2013. Mpango ukachorwa wa mtambo wa megawati 960 huko huko. Tangu hapo, kila uchaguzi, makaa ya Mui yanachimbwa kwa mdomo.

Mambo matatu ambayo wasemaji wa jukwaani hawayagusi.

Neno "yetu". Katiba, ibara ya 62, inasema madini yaliyo chini ya ardhi ni ya umma na yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote. Una hati ya shamba? Ni ya juu. Jiwe la chini si lako, wala si la kaunti. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Mrabaha, nimesema; si faida ya kampuni. Kwa hivyo mtu akisema "Ukambani tutatajirika", mwombe afanye hiyo hesabu ya 10 mbele yenu, na aseme "jamii" ni nani, imesajiliwa wapi, akaunti inasainiwa na nani.

Ajira. Kuchimba kwa shimo la wazi kunafanywa na mashine kubwa na waendeshaji wachache. Kazi za kuchimba mitaro, kupika, kulinda, zitakuwepo, na sizidharau, kuna nyumba zimejengwa kwa kazi kama hizo. Lakini uziweke kwenye mizani na mashamba, visima na malisho yatakayoondoka, katika nchi kavu ambapo kisima ni mali kuliko jengo. Mbuzi wa Mui hawako kwenye ripoti ya ajira.

La tatu ndilo linanisumbua. Jamii ya Mui ilikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi ambao mpaka leo mawakili wanaunukuu kila ubishi wa ushiriki wa umma unapozuka. Iliweka vipimo: ushiriki uwe wa kweli, watu wapewe habari za kuwatosha, wanaoathirika zaidi wasikilizwe zaidi, ila si lazima kila mtu akubali ndipo mradi uendelee. Halafu kwa kupima hivyo vipimo, mahakama haikufuta mradi. Yaani kanuni tunazozitumia kuwatetea watu wa sehemu nyingine zilitokana na kesi ambayo wenyewe waliipoteza.

Tangu hapo wamekaa. Hakuna mgodi. Hakuna fidia ya kuhama. Na hakuna mtu aliyekuja kusema "endeleeni na maisha, mradi umekwisha." Wewe ukiambiwa ardhi yako huenda ikachukuliwa, utajenga nyumba ya mawe? Utapanda miembe ambayo inazaa baada ya miaka minne? Utachimba kisima kwa mkopo wa chama? Kijana anakua hapo nyumba ikiwa ile ile ya bati, si kwa uvivu, kwa sababu baba anangoja jibu. Kusubiri nako kuna gharama, ila haiandikwi kwenye tathmini yoyote ya mradi.

Kuna aliyeniuliza faraghani: kwa hivyo wewe unataka nini, unapinga au unaunga mkono? Kwa mtambo wa stima wa makaa ya mawe, napinga, na sababu yangu kubwa ni ile bilioni 47, hewa inafuata. Kama mtu ataleta hesabu tofauti, na mkataba wenyewe ukiwa wazi tuusome, nitakaa nisome. Bado hajaletwa.

Lakini kwa Mui nina ombi ambalo halihitaji uwe upande wowote. Wanaotaka kuchimba na wasiotaka, wote waulize viongozi wao swali moja, kwa maandishi, wakija kuomba kura 2027: vile vitalu vinne viko katika hali gani kisheria leo, na kama mkataba umekufa, ni lini watu watapewa barua inayosema hivyo ili wajenge?

Nikipata jibu lenye sahihi na tarehe, nitalibandika hapa chini ya huu uzi.